Paa Lililolala

Mama Ngazi hakulipata jina hilo kwa wazazi. Alilipata barabarani. Mwanamke wa miaka arobaini na minne anayetoka nyumbani kila asubuhi na ngazi begani, ungemwitaje? Kijijini kwao ncha ya ngazi ilikuwa ikitokeza kwenye kona ya duka, watu wanaisalimia kabisa, "Shikamoo, Mama Ngazi," halafu zinapita hatua sita saba ndipo mwenye shikamoo yake anaonekana.

Kazi yake ni kuezeka nyasi. Aliirithi kwa baba yake, ambaye alizaa mabinti watano mfululizo, akangoja mtoto wa kiume mpaka akachoka, mwisho akasema basi, aliye mwepesi kuliko wenzake apande. Mwepesi alikuwa yeye. Siku hizi si mwepesi kihivyo, lakini kushuka amekataa. Maneno ameyasikia yote. Mwanamke juu ya paa, je, walio chini wanaona nini? Akavaa suruali ndani ya gauni, akatangaza kwamba anayependa kutazama juu atazame kama mafundo yamekazwa, na likilegea moja amwambie.

Mwaka huo kazi ilikuwa imepungua mpaka aibu. Kila aliyeuza mbuzi wawili alinunua mabati. Nyasi zilibaki kwa mazizi, majiko na wazee waliokuwa wagumu kuhama. Ndipo ikaja simu kutoka mjini. Hoteli moja yenye bustani ilitaka mgahawa wa nje uezekwe nyasi, mgahawa mkubwa, wa watu mia. Watu wa mjini wanazipenda sana nyasi, hasa kwa kuwa hawalali chini yake.

Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, na kiangazi kilikuwa kinafunga virago. Mama Ngazi hakungoja karatasi ya mkataba. Yeye, mama mkwe wake na wifi yake waliingia bondeni na miundu, wakakata kwa wiki tano. Matita mia nne. Wakayachambua, wakayachana, wakayasimamisha uani yakajaa mpaka mlango wa jiko ukawa unafunguka nusu, na mwenye mwili wake ikabidi aingie kiubavu. Bondeni hapakubaki hata unyasi mmoja wa maana. Mvua zilikuwa zimebakiza kama wiki tatu. Zikizikuta nyasi hizo uani badala ya juu ya paa, zitaoza zote, na wiki tano za migongo mitatu zitakuwa zimekwenda na maji. Hilo nyumbani alilijua kila mtu, hata kuku.

Alfajiri ya safari shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimsaidia kuifunga ngazi kwa kamba pamoja na matita sita ya mfano. Shemeji huyu kazi alifundishwa na yeye, kisha akajiona ameiva, akajitenga.

"Shemeji," alimwambia, "mjini hawapendi ubishi. Ukifika wewe sema ndiyo bosi. Neno moja tu, mambo yanakwenda."

"Maneno ni mawili hayo. Nami nina mzigo tayari."

Ngazi ilisafiri juu ya basi, yeye chini, na kabla ya saa nne walikuwa wamekutana tena stendi ya mjini. Kutembea na ngazi ya mita nne kwenye barabara ya mjini ni kazi inayohitaji leseni. Ukigeuza kichwa kulia kutazama kibao cha mtaa, mkia unakwenda kushoto kuwatembelea watu. Alikuwa ameshaangusha kofia moja na kumfanya muuza miwani ainame na ubao wake wote.

"Mama, angalia mkia wako!" kijana mmoja alifoka.

"Mkia hauna macho, mwanangu. Wewe unayo mawili."

Kwenye geti la hoteli mlinzi alimkabidhi daftari la wageni. Jina, unatoka wapi, unamwona nani, namba ya gari.

"Sina gari."

"Na hiyo?" Mlinzi aliionyesha ngazi kwa kidevu. "Chombo chochote kinachoingia lazima kiandikwe, ndiyo amri. Kisije kikatoka kingine."

"Andika ina hatua kumi na moja."

Mlinzi akaandika kumi na moja kwenye safu ya namba za magari, akapiga mstari chini yake, akaridhika. Kisha akamsogelea na kushusha sauti. "Mama, wewe si ndiye wa nyasi? Basi ujue lenyewe limeshasimama."

"Lipi?"

"Paa. Vyuma walivichomelea wiki iliyopita. Nenda utaliona."

Mama Ngazi alisimama kidogo. Anayeezeka ndiye huanza kuitwa, akasema kimo cha kati na urefu wa pembeni, ndipo miti inakatwa. Kujenga paa kisha umtafute mwezekaji ni sawa na kushona suruali kabla hujajua mvaaji ana miguu mingapi. Alijipa moyo kwamba labda wamebahatisha. Alipopita jengo kubwa na kutokea bustanini, moyo huo ukamtoka.

Nguzo zilikuwa nzuri. Vyuma vya mraba vilivyopakwa rangi ya kahawia ili vidanganye kuwa miti, vimepangwa kwa mstari kama askari wa gwaride. Lakini huko juu paa lilikuwa limelala. Kati palipotakiwa kuinuka kama mgongo wa ng'ombe mwenye nundu, pameinuka kama mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi, ameshiba. Nyuma yake, kwenye ukuta wa ghorofa ya kwanza, herufi kubwa nyekundu za jina la hoteli zilionekana bila taabu juu ya vyuma vile, kubwa kama milango.

Kijana mmoja alimjia mbio na mchoro mkononi. Ndiye mchoraji wa majengo. Alikuwa na kofia ngumu ya njano kichwani ingawa juu yake palikuwa na mbingu tupu, na ambacho kingeweza kumwangukia hapo ni mavi ya kunguru.

"Karibu sana, mama! Kazi iliyobaki ni ndogo tu. Ni kufunika."

"Kufunika," alisema Mama Ngazi. "Kama sufuria."

Akaegemeza ngazi, akapanda, akajilaza kwenye chuma cha pembeni. Kipimo chake ni mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Ukiingia ndani kwa mkono mmoja, paa liwe limepanda mkono mmoja. Ndivyo alivyopima baba yake na ndivyo zinavyosimama hadi leo nyumba alizoezeka bintiye akiwa bado anaota meno ya utu uzima. Akatoa uzi mfukoni, akafunga kijiwe mwishoni, akapima mkono mmoja ndani, akasoma kimo. Shubiri moja, na hiyo shubiri yenyewe ilipungukiwa kidole.

"Nani amejenga hivi?" aliuliza akiwa huko huko juu.

Kivulini mwa ukuta alikaa fundi wa kuchomelea, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji la uso, kijiti mdomoni. "Mimi nimefuata mchoro," alisema.

"Ulipokuwa unaufuata hukuona unakokwenda?"

"Mama, mimi nikifuata mchoro huwa siulizi njia."

Mama Ngazi alishuka. Akamweleza kijana mchoraji taratibu, maana alionekana mtoto wa watu tu, hana ubaya. Alimwambia nyasi hazizuii maji kwa unene. Zinayazuia kwa kuyakimbiza. Tone likiangukia paa lililosimama linateleza kutoka unyasi mmoja hadi mwingine, linafika ukingoni kabla halijapata wazo la kuingia. Likiangukia paa lililolala linakaa, linatafakari, linaingia.

"Tumeliona hilo," alisema kijana kwa furaha. "Ndiyo maana chini ya nyasi tutatandaza nailoni."

"Ukimvalisha mtu nailoni chini ya shati atafanyaje?"

"Atatoka jasho."

"Na shati?"

Kijana akalitazama shati lake. Fundi wa kuchomelea alicheka puani, kijiti kikacheza.

"Litaoza kwa chini, mwanangu, usikokuona," Mama Ngazi aliendelea. "Mwaka haufiki. Na siku watu wanakula hapa, funza wataanza kushuka mmoja mmoja. Hawatamuuliza aliyechora. Watamuuliza aliyeezeka."

Maneno akaona yametosha. Akayafungua matita yake sita, akayafunga kwenye hatua za ngazi, moja likilalia jingine, mafundo yamekazwa kama paa la kweli. Akaiegemeza ngazi kwenye nguzo ikiwa imesimama vizuri, mkono kwa mkono, akamwambia kijana mchoraji aingie chini yake.

"Mimi?"

"Si una kofia?"

Kijana aliingia, akachuchumaa na mchoro wake. Mama Ngazi akachukua mpira wa kumwagilia bustani, akazifungulia nyasi maji kwa juu. Maji yalitelemka kwa fujo, yakamwagika chini kwenye majani. Kijana chini ya ngazi akanyoosha kiganja, akakigeuza, kikavu kabisa. Akatabasamu kama mtoto aliyefanyiwa kiinimacho.

"Usitoke," alisema Mama Ngazi, akaivuta ngazi na kuilaza mpaka ikalingana na vyuma vya paa lile. Akamwaga tena. Safari hii maji yalisita kidogo, kama mgeni mlangoni, halafu yakaingia yote. Kofia ya njano ilianza kulia ta-ta-ta, na mchoro ukalainika mikononi ukawa unakunjika wenyewe.

"Kuna nini hapa?"

Huyo alikuwa mwenye hoteli. Wafanyakazi walimwita Bosi, na hata mkewe, ilisemekana, alimwita hivyo hivyo. Mtu wa shati jeupe na simu mbili, na sauti ya mtu aliyezoea kwamba akiuliza kuna nini, kitu hicho kinakoma.

"Tunalijaribu paa lako, Bosi," alisema Mama Ngazi.

"Linavuja?"

"Bado. Halijaezekwa. Likishaezekwa ndipo litavuja."

Bosi alimtazama mchoraji anayechuruzika, akatazama ngazi yenye nywele, akaamua kuzungumza na mwenye akili zaidi hapo, yaani yeye mwenyewe. Akaeleza kwamba ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, wageni wamealikwa. Vyuma vimeshasimama na vitabaki hivyo. Mama aezeke, nailoni itawekwa, na kama ana wasiwasi ataandikiwa karatasi ya kumwondolea lawama, yenye mhuri.

"Karatasi hiyo itakaa wapi?"

"Utakaa nayo wewe. Nakala ofisini."

"Karatasi itakuwa kabatini kwangu, paa litakuwa hapa nje kwenye macho ya watu. Anayepita barabarani atasoma lipi?"

"Mama," Bosi alisema, akitabasamu kama anayetoa dawa chungu, "kazi unaitaka au huitaki?"

Hapo mjanja angejibu nitafikiria. Mama Ngazi ujanja wa namna hiyo hakujaliwa. "Naitaka," alisema. "Nina matita mia nne uani kwangu na mvua zinakuja. Naitaka kuliko unavyodhani."

Uso wa Bosi ukatulia. Alishaona kumbe huyu mama anajipiga kifua huku amekalia kuti kavu. "Basi tumeelewana. Usizitie nyasi zako hasara kwa ajili ya mteremko. Panda, funika, upige picha na wageni."

"Paa lililolala siezeki."

"Unasemaje?"

"Nimesema siezeki. Inua kati, nitaezeka hata leo. Usipoinua, nitafutie mtu wa kunisaidia kuvua nyasi hizi kwenye ngazi, nikawahi basi."

Ofisini mwa Bosi, nadhani, neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa. Alimtazama tena, kisha akachomoa simu moja kati ya mbili. "Waezekaji mnadhani ni nyinyi tu? Yupo mwingine huko huko kwenu. Amenipigia mwenyewe juzi, akaniambia ukisumbua nimwite." Akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili kila mtu apate faida.

Simu iliita mara mbili. "Halo, ndiyo bosi!"

Mama Ngazi aliijua sauti hiyo tangu ilipokuwa inabalehe. Ilikuwa ya shemeji yake, yuleyule aliyemfungia kamba alfajiri kwa mikono yake miwili.

"Yule mama amekataa," alisema Bosi. "Paa ni la kulala kidogo, chini kuna nailoni. Utakuja?"

"Ndiyo bosi! Kesho asubuhi bosi!"

"Shemeji," alisema Mama Ngazi.

Simuni alisikika jogoo wa kijijini tu, akiwika huko uani.

"Ah, shemeji, kumbe upo hapo," sauti ilirudi, sasa nyembamba. "Nilikuwa nasema tu kwamba... kama ikibidi... ili kazi isitoke nje ya familia."

"Lile jiko la shule uliloliezeka likiwa limelala, liko wapi sasa?"

"Ule ulikuwa upepo, shemeji."

"Upepo ulitokea ndani ya sufuria? Maana walipakua nyasi pamoja na maharage."

Fundi wa kuchomelea aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Haya, kesho unakuja," Mama Ngazi aliendelea. "Utaezekea nini? Bondeni pamekwisha. Utanyoa watu?"

"Si hizi za hapa uani, shemeji, tutaongea kifamilia..."

"Nani anagawa nyasi zangu?" Ilikuwa sauti nyingine, ya mbali, kisha ya karibu, kisha ikawa ndani ya simu yenyewe, na pembeni yake shemeji akisikika, "Mama, taratibu, mama, ni simu ya watu." Mama mkwe alikuwa ameichukua. Alikuwa na miaka sabini na moja na simu aliishika kama anayeitishia. "Nani hapo? Mkwe wangu yupo?"

"Nipo, mama. Wamejenga paa limelala. Nimekataa."

"Limelala kwa nini, linaumwa?"

"Wanataka herufi zao zionekane kwa nyuma."

Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Ngazi. Alikuwa ameliona kwa macho yake tangu alipoingia bustanini. Kijana mchoraji alivua kofia yake ya njano, akaitazama kwa ndani.

"Basi nisikilizeni wote mnaosikia," alisema mama mkwe. "Nyasi hizi nimezikata na mgongo huu. Mkwe wangu akisema haziendi, haziendi. Huyu hapa akigusa tita moja nitalala juu yake, tuone kama ataniezeka na mimi. Mkwe wangu, umekula?"

"Bado, mama."

"Kula." Simu ikakatika.

Bosi aliitazama simu kama vile imemuuma. Kisha akajinyoosha shati. Mtu akishazoea kushinda, kushindwa mbele ya bustani nzima humtia homa. "Sawa! Basi nitaweka mabati. Nyasi zenyewe zina moshi, zina mende, sijui nani aliniambia nyasi. Mabati! Kesho yanafika."

"Mabati yatafaa," alisema Mama Ngazi. "Kwa mteremko huo yanafaa kabisa."

Akaanza kufungua matita kwenye ngazi.

Usidhani alikuwa anatega. Alikuwa anaondoka kweli. Fundo la kwanza lilimshinda mara mbili. Aliuona uani kwao, mvua imeanza, maji meusi yanachuruzika kutoka kwenye matita, wifi yake amesimama mlangoni hasemi kitu, na kutosema kwa wifi kunauma kuliko kusema. Alijua kwamba neno moja, hata nusu neno, lingeyaokoa yote yale. Akalifungua fundo la pili. Alikumbuka pia nyumba zote alizoezeka na kupita chini yake bila kuinamisha uso, na hakujua angepitaje chini ya hii. Fundo la tatu likafunguka kwa urahisi.

Kijiti kilitua chini. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekitema.

"Bosi," alisema, "vyuma hivi nimeviachia nafasi za nyasi. Ukitaka mabati nivunje nusu nianze upya. Lakini kuinua kati, nakata hapa na hapa, naongeza kipande, kesho jioni nimemaliza."

"Wewe si unafuata mchoro?"

"Mchoro umelowa, Bosi."

"Na mchoro wa kwanza ulikuwa mrefu," kijana mchoraji alisema ghafla, kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma. "Ninao kwenye kompyuta. Nilichora juu. Wewe ndiye uliyesema nishushe ili herufi zionekane barabarani."

Mjini watu hupoteza kazi kwa sentensi fupi kuliko hiyo. Kijana alijua, maana baada ya kuisema alivaa tena kofia yake.

Bosi aliyainua macho mpaka kwenye herufi zake. Zilikuwa nyekundu, usiku huwaka, na alizilipia yeye. "Kwa hiyo nizifiche?"

"Zihamishe," alisema Mama Ngazi. "Zipeleke getini, zipandishe juu, zilaze, zisimamishe. Herufi hazivuji."

Alipita mpishi na beseni la viazi, akapunguza mwendo ili asikie. Wafagiaji wawili walikuwa wanafagia mahali pamoja kwa muda mrefu sasa. Bosi aliwaona wote.

"Tuinue nusu," alisema.

"Hapana."

"Robo tatu, mama. Na wewe ulegeze."

"Unanunua nyanya? Mkono ndani, mkono juu. Hata kama paa lingekuwa la baba yangu mzazi nisingempunguzia."

"Wewe mama ni mgumu!"

"Bosi, bado hujaniona nikiwa juu."

Wafagiaji walishindwa kujizuia. Hata Bosi kona moja ya mdomo ilimponyoka, akairudisha. Alitazama simu zake zote mbili, hakuna iliyomsaidia.

"Inueni," alimwambia fundi wa kuchomelea, akageuka aondoke. "Mama, nenda salama. Utapigiwa."

Hapo ndipo wengi hushukuru na kukimbilia basi. Mama Ngazi aliwajua wengi waliosema atapigiwa, na hakupigiwa. Alimaliza kufungua matita, akailaza ngazi kwenye njia ya vigae, inapokatiza kurudi ofisini, akaketi juu yake, matita yake yaliyolowa pembeni.

"Nangoja mkato wa kwanza," alisema.

"Nimeshasema inueni!"

"Nimesikia. Sasa nangoja kuona."

Bosi angeweza kuiruka ngazi ile. Aliipima kwa macho, akalipima tumbo lake, akazunguka kwa kupita kwenye maua. Kabla hajaingia ndani alisimama, akapiga kelele kwa hasira, kelele ambazo hazikuwa kwa Mama Ngazi tena. "Mnangoja nini nyinyi? Hamjasikia?"

Mashine ya kukatia ikalia. Cheche zikaruka kwenye vyuma vya kahawia, rangi ya kudanganyia miti ikaungua na chuma cha kweli kikaonekana chini yake. Kijana mchoraji alipanda juu kushika upande wa pili, akagundua kwamba huko juu joto ni jingi na kofia ina kazi. Mlinzi aliliacha geti kwa muda, akaja kushika nguzo ambayo haikuhitaji kushikwa. Mama Ngazi alikula mkate wake akiwa amekaa palepale, kama alivyoagizwa, akayaanika yale matita yake juani.

Ilipokaribia saa tisa na nusu jozi ya kwanza ya vyuma ilikuwa imesimama, imeungwa kwa nukta mbili tu za moto, bado inafuka moshi. Paa lote lililobaki lilikuwa limelala kando yake, na ile jozi moja imeinuka peke yake kama mtu aliyeamka kabla ya wenzake. Basi la mwisho la kwao huondoka saa kumi na moja, na stendi haikuwa karibu.

"Haya, mama," alisema fundi wa kuchomelea, akipandisha miwani. Jasho limempaka uso masizi. "Umeridhika? Kimbia basi lako."

Mama Ngazi alipanda. Akautoa uzi, akangoja kijiwe kitulie, akaulaza mkono wake juu ya chuma ambacho bado kilikuwa na joto, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Imepungua vidole viwili."

"Vidole viwili!" Fundi alimtazama mchoraji ili apate shahidi. "Mama yangu, vidole viwili huko juu, chini ya nyasi zote hizo, nani atavijua?"

Mama Ngazi alibaki pale juu, mguu mmoja kwenye hatua na mwingine kwenye chuma, uzi umetulia mbele yake, akamtazama tu. Fundi naye akamtazama. Kisha akashusha miwani yake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na kijana mchoraji akampa mashine.